Ametuulia mapendekezo ya edita, halafu ananicheka mbele ya vijana wa atachimenti!

Omera_Kondele
Wasee, naandika mikono bado inatetemeka. Yule bwana, mnamjua, yule wa miwani kichwani na "nilipokuwa Nairobi", leo saa tisa ameinama kwenye skrini yangu mbele ya vijana watatu wa atachimenti akasema: "Kwani bila mashine kukunong'onezea huwezi kuandika?" Mbele ya vijana!

Na aliyeyaua mapendekezo, yale majina edita inayokuletea ukiandika kodi, ni yeye! Kwenye kodi yetu ya PHP, Ijumaa kila klasi ilikuwa inakabidhiwa vitegemezi vyake, yaani klasi zingine inazozihitaji, kwenye konstrakta, ile mbinu inayoiunda, aina imeandikwa waziwazi, MtumaBarua $barua. Ukiweka mshale (->) tu, edita inakumiminia mbinu zote kama mama wa omena anayekuongezea mkono wa pili. Jumatatu nafika, kila mahali ni $this->konteina->get('huduma.barua'), yaani unaiomba konteina, sanduku moja la huduma zote, ikutolee kitu kwa jina. Hilo ni neno tu ndani ya alama za kunukuu! Edita itajuaje kinachotoka humo? PSR-11 yenyewe, kile kiwango cha PHP cha konteina, inasema get hurudisha mixed, yaani chochote: barua, malipo, mbuzi. Naweka mshale, kimya. Nabonyeza Ctrl na nafasi mpaka kidole kinaota sugu, kimya cha kaburini.

Nikaandika tumaBarau badala ya tumaBarua. Hakuna mstari mwekundu, hakuna onyo, ikalipukia kwa mteja. Ndipo akaja kuinama. "Kukunong'onezea!" Miaka sita niko kwa hii kazi!

Nduru58
Miaka sita na hujui kuweka /** @var MtumaBarua $barua */ juu ya mstari, uiambie edita aina? Pole lakini.

Omera_Kondele
Mahali mia mbili? Na hayo ni maoni tu. Ukiandika uongo edita inauamini, PHP haina habari. Vijana walicheka, bwana. Mmoja alificha mdomo na daftari.

Binti_Kakamega
Mwambie aandike get(MtumaBarua::class). Hiyo ::class, inayotoa jina kamili la klasi, iko tangu PHP 5.5, mwaka 2013, hana kisingizio. Kama edita yenu ni PhpStorm, ongeza faili ya .phpstorm.meta.php, hata yale majina yake ya ajabu unayapanga humo, jina kwa klasi, edita inaanza kuongea. Lakini konstrakta ndiyo dawa. Alivunja nyumba ili atengeneze dirisha.

MzeeWaNotepad
Sisi tulikariri mbinu zote kichwani. Huyo bwana amesema kweli.

Nduru58
Mzee, wewe ndiye uliyeacha ule mfumo usiofunguka bila wewe kupigiwa simu.

Omera_Kondele
KUKUNONG'ONEZEA!

Mkulima_Bahati
Mnalilia mapendekezo? Huku Nakuru stima imepotea mara nne tangu asubuhi na betri yangu inakaa dakika kumi. Ningepata hata hiyo edita ya kimya ningeshukuru.

Binti_Kakamega
Huku mvua ya saa kumi ikianza tu, intaneti inaenda nayo.

Chai_Maziwa
Afadhali nyinyi. Kiodi yangu imemwagikiwa chai jana, herufi ya pili imekufa kaisa. Kila "arua" naiandika hivi. Kuna fundi kariu na Kiuye?

Omera_Kondele
Jamani, turudi kwa mada.

Mkulima_Bahati
Kiuye ndiyo wapi?

Chai_Maziwa
Sokoni Kisumu. KIUYE. Kwa mituma.