MREJESHO: Mwanangu kuniita "dude"

Wakuu, nimerudi. Ni yule niliyeandikiwa "poa dude" na mwanangu wa kidato cha pili, nikalisoma kama neno la Kiswahili, nikajua naitwa lidude, kumbe ni Kiingereza. Asanteni sana.

Nilimfuata aliyeshauri nitafute kamusi inayotoa historia ya maneno. Kumbe neno "dude" lilivuma New York mwaka 1883, kuwakejeli masharobaro wa enzi hizo: suruali za kubana, kola ndefu, bakora mkononi. Asili inayopewa uzito ni "doodle" ya Yankee Doodle, wimbo wa zamani wa Wamarekani. Maana ya "mshikaji" tu ilikuja baadaye.

Wewe uliyesema maana yake ni unywele wa matakoni mwa tembo, ulinipiga kamba, na nilishaitangaza kazini!

Ushauri wa kumkanya dogo umegoma. Jana tena: "Dude, naomba nauli."