Tupeane uzoefu: unasoma Biblia saa ngapi, na nani yuko karibu?

Mama Duka, Jinja
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tupeane uzoefu wa kusoma Neno kila siku. Mahubiri tunayapata Jumapili, hapa niambieni mambo ya kawaida tu: unasoma saa ngapi, unaanzia wapi, na kitabu gani kinakushinda. Mimi husoma sura moja kabla sijafungua duka, kwa Kiswahili, maana mume ni Mteso, mimi ni Msamia, na watoto hicho ndicho wanachoelewana nacho. Nimepiga hesabu: sura zote ni 1,189, ukitaka kumaliza kwa mwaka ni sura tatu na kitu kila siku. Kwa mwendo wangu ni zaidi ya miaka mitatu. Sina haraka.

Boda wa Wandegeya
Mithali. Ina sura 31, na hakuna mwezi unaozidi siku 31. Tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Nasoma steji nikisubiri abiria, na kwa kuwa nimeshaipakua kwenye simu, hainili bando. Shida ni moja: mwezi wa siku 30 unairuka sura ya mke mwema. Wenzangu wa steji wanasema ndiyo maana sijaoa.

Afande Mstaafu
Kiswahili changu ni cha kambini, mtanivumilia. Huko asubuhi si yako, sura tatu utazisoma saa ngapi? Kapelani wetu alitupa Zaburi 119. Ina aya 176, zimegawanywa mafungu 22 ya aya nane nane. Fungu moja alfajiri, unatembea nalo mpaka jioni. Siku hizi nina muda, nasoma na mengine, lakini fungu langu sijaliacha. Aya nane ninazozikumbuka jioni nazipenda kuliko sura tatu zilizopotea kabla ya chai ya saa nne.

Katekista, Gulu
Sisi Wakatoliki hatujichagulii. Masomo ya Misa yamepangwa, ya Jumapili kwa mzunguko wa miaka mitatu. Faida yake ni kwamba unakutana na maneno usiyoyataka. Ukiachiwa uchague mwenyewe, utashinda Zaburi 23 mwaka mzima! Halafu Mama Duka, Biblia yetu ina vitabu 73, kwa hiyo hesabu yako kwetu inarefuka.

Kijana wa Ntinda
Mimi Mambo ya Walawi naruka. Ukoma, ukungu wa kwenye nguo, mafuta ya kondoo, hayo yananihusu nini? Nashauri anayeanza naye aruke, aende Yoshua.

Mama wa Nakivale
Ndugu wa Ntinda, usiruke, ngoja nikueleze. Sisi ni Wakongomani, tuko huku kambini Nakivale. Jioni tukishakula tunawasha taa ya sola tunasoma. Mama mkwe hakwenda shule, kwa hiyo mjukuu wake ndiye anayesoma kwa sauti, na bibi humkatiza anapotaka. Sura moja inaweza kumaliza saa nzima.

Tulipofika Ruthu, mtoto akasoma ile njaa ya Bethlehemu, watu wakahamia Moabu, wanaume wakafia huko, Naomi akarudi mikono mitupu na mkwewe. Bibi akauliza, "Hawa walikuwa wakimbizi?" Nikamwambia hata mimi naona hivyo. Sura ya pili, Ruthu anaokota masuke nyuma ya wavunaji. Hapo hakuna aliyehitaji kueleza. Mahindi yakishavunwa, sisi wanawake huomba ruhusa kwa wenye mashamba tukaokote yaliyobaki. Wengine wanakubali, wengine wanatufukuza.

Bibi akaja na swali lingine: "Kwa nini huyo Boazi hakumfukuza? Alikuwa ameshampenda?" Mtoto akacheka, mimi sikuwa na jibu. Mchungaji alipopita kututembelea akatufungulia Mambo ya Walawi 19, aya ya 9 na ya 10. Mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Kumbe Ruthu aliingia shambani na sheria ikiwa upande wake! Wema wa Boazi ulikuwa juu ya hapo, pale alipowaambia vijana wamwangushie mengine makusudi. Bibi alifurahia hiyo kuliko hata ndoa ya sura ya nne. Sasa akisikia mtu fulani amefukuza waokotaji, anasema, "Huyo hajafika Walawi."

Kijana wa Ntinda
Mama, umenishika. Ya 19 nitasoma. Zile za ukoma bado tutaongea.

Mgeni wa Mukono
Swali dogo: mnasoma Kiswahili Uganda hii, Biblia ya Luganda imekosa nini?

Afande Mstaafu
Haijakosa kitu, mke wangu anasoma hiyo hiyo. Ila Kiswahili si mgeni katika jambo hili. Mmisionari Mackay alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1878, maandiko aliyoanza kusomesha nayo yalikuwa ya Kiswahili. Biblia nzima ya Luganda ilikamilika 1896.

Mama Duka, Jinja
Asante afande. Nimeona kitu: ya Mama wa Nakivale yananivuta kuliko mipango yote, kwa sababu pale kuna mtu wa kuuliza. Mimi dukani nasoma peke yangu, hakuna anayenikatiza. Kuna mwingine anayesoma na watu?

Dereva wa Lori
Mimi, ila sisomi, nasomewa. Barabara ya Elegu ni ndefu, utingo ananisomea kwenye simu. Ni Mwislamu. Alianza kwa kunisaidia tu, tulipofika habari za Yusufu akasema kwao ipo sura nzima ya huyo mtu, basi akawa ananisimulia ya kwao wapi inafanana na wapi inaachana. Mwanzo 37 hadi 50 tuliimaliza tukiwa bado kwenye foleni ya mpakani, kisha akasoma Kutoka bila kuombwa. Juzi amenigomea. Tumefika vipimo vya mapazia ya hema, dhiraa juu ya dhiraa, anasema hapo nisome mwenyewe.

Kijana wa Ntinda
Mwambie utingo niko upande wake.