Toyota Aqua kwa foleni ya Kimara kwenda Posta, betri yake ikoje?

Kimara Mwisho: Wakuu habari, nataka kuchukua Aqua ya 2014, kazi yangu Posta naishi Kimara. Huku naambiwa mafuta utasahau, huku naambiwa betri ikifa gari unaipaki uani milele. Hela yenyewe ya kuungaunga, wenye uzoefu naombeni msaada.

Mama Wawili: Ninayo na naipenda sana. Hii ni haibridi, yaani ina injini ya mafuta na mota ya umeme inayotumia betri kubwa, na mahali pake ni foleni, mkisimama injini inazima AC inaendelea na umeme wa betri, ukikanyaga breki mota inageuka jenereta inarudisha chaji, wakati gari ya kawaida hapo Magomeni inaunguza mafuta imesimama tu. Ila safari ya Dodoma usitegemee maajabu, mwendo ni mmoja breki hugusi sana so hakuna cha kurudisha.

Fundi Umeme Ilala: Aqua za mwaka huo betri ni vipande 20 vimeungwa, jumla volti 144, iko chini ya siti ya nyuma. Adui yake ni joto. Pembeni ya siti hiyo kuna tundu la kuvuta hewa na ndani kuna feni, sasa watu wanavalisha siti makava yanaziba, wanarundika mizigo, vumbi linajaa, betri inachemka mpaka inakufa halafu lawama zinaenda kwa haibridi. Kabla hujalipa tafuta mtu mwenye mashine asome volti za kila sehemu ya betri gari ikiwa inatembea, sio imepaki, zikipishana sana achana nayo hata ing'ae vipi. Na anayekwambia atakubadilishia kipande kimoja kwa bei chee ujue vilivyobaki ni vizee vilevile, vitafuata. Nyaya za rangi ya chungwa asiguse fundi asiyesomea, tafadhali sana, huo umeme unaua.

Kimara Mwisho: Asante sana fundi, ubarikiwe. Kwenye foleni naweka gia ya N kama nilivyozoea?

Fundi Umeme Ilala: Hapana kaka! Kwenye N betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwa inaunguruma. Acha D ukanyage breki, ukisimama muda mrefu weka P.

Mama Wawili: Na ukisafiri wiki kadhaa mwachie mtu funguo awe anaiwasha mpaka iandike READY, aiache kidogo, maana kuna kabetri kadogo ka volti 12 kakiisha gari haiwaki hata hiyo kubwa ikiwa imejaa.