Nahodha wangu wa netiboli amesema ukweli kuhusu mamluki, sasa timu nzima imemtenga. Nimsaidieje?

Mwalimu wa Saa Kumi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na michezo kwenye sekondari moja ya kata hapa mkoa wa Dodoma. Shule sitaitaja kwa sababu kuna mtoto wa watu ndani ya habari hii. Tangu turudi kutoka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, sijalala vizuri.

Timu yangu ya netiboli ina wasichana 12. Tunafanya mazoezi saa kumi jioni kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya bwalo, na upepo wetu wa mwezi wa tano mnaujua, mpira unaomrushia mfungaji unaweza kuishia mikononi mwa mlinzi. Tumezoea. Nahodha yuko kidato cha tatu, anacheza senta. Ndiye anayehesabu vizibao vya herufi baada ya mazoezi, ndiye anayejua nani hajala tangu asubuhi, na ndiye aliyewazoesha wenzake kwenda kumshika mkono mwamuzi hata tukifungwa. Hilo la mwamuzi sikumfundisha mimi.

Wiki moja kabla ya kambi mfungaji wetu alitegua kifundo cha mguu. Mwenzangu mmoja ofisini akasema yupo binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana shule nyingine, mrefu, hakosi goli. Akaletwa. Ili aingie kwenye fomu ilibidi apewe jina la mwanafunzi wetu, na jina lililochaguliwa lilikuwa la binti wa kidato cha pili, mfungaji wa akiba, aliyefanya mazoezi tangu Januari bila kukosa hata siku moja. Picha ikabandikwa ya mgeni, jina likawa la mtoto wetu, muhuri ukagongwa. Mimi nilikuwepo. Nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia kila shule inafanya hivyo.

Kambini tulilala madarasani, kila mtoto na godoro lake na ndoo yake. Mechi mbili za kwanza tulishinda bila shida. Usiku wa kuamkia nusu fainali nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za darasa nahesabu hela ya maji, nahodha akaja. Akanisalimia shikamoo, akasimama kimya. Nikadhani anaumwa.

"Mwalimu, cheti kikitoka kitaandikwa jina la nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, sauti ikiwa chini kabisa: "Mwenzetu tuliyemwacha alitufulia vizibao Jumamosi kabla hatujaondoka. Akaniuliza kama jina lake limesomwa. Nikamwambia limesomwa. Mwalimu, nimemdanganya."

Halafu akanikumbusha Akhwari. Kila mwaka timu mpya ikianza huwa nawasimulia habari za John Stephen Akhwari kwenye marathoni ya Mexico mwaka 1968: jinsi alivyoanguka, goti likaumia, akafungwa bandeji na kuendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Huwa nawasimulia kwa sauti kubwa, nikiamini ninachosema. Binti akaniambia, "Mwalimu, yeye alimaliza wa mwisho na jina lake."

Asubuhi nilikwenda mwenyewe kwenye meza ya viongozi wa mashindano nikasema. Tukaondolewa. Saa sita tulikuwa tumeshapakia magodoro. Kwenye gari niliwaambia wasichana kwamba imegundulika, basi. Lakini wawili walikuwa wamemwona nahodha akija kwangu usiku, na kabla hatujafika nyumbani gari zima lilikuwa limeshajua nani "katuuza".

Sasa ni wiki ya pili. Bwaloni akikaa, wenzake wanahamia meza nyingine. Kwenye mlango wa darasa lao mtu aliandika "msaliti" kwa chaki, nikafuta, likaandikwa tena. Lililoniumiza zaidi ni la Jumanne mazoezini. Kama mnavyojua, senta ndiye anayeanzisha mpira, na sheria inampa sekunde tatu tu awe ameshautoa mkononi. Nilipuliza filimbi, akaunyanyua mpira, wenzake wanne waliopaswa kuuomba wakasimama kama miti. Moja, mbili, tatu. Ikabidi nipulize tena kwa kosa lake. Aliuweka mpira chini taratibu, akaurudia mstari wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jana ameniletea daftari la timu na ufunguo wa stoo ya mipira. Anaomba aache unahodha. Nimruhusu apumzike? Na hawa 11 niwaambie nini? Wao wana hoja moja: wajibu wa mchezaji ni kuilinda timu yake.

Filimbi ya Zamani

Mwalimu, pole. Mimi nimekuwa mwamuzi wa netiboli kwa miaka mingi na nimekaa sana kwenye meza za uhakiki. Nikuambie ninachokiona pale. Unamuuliza mtoto tarehe yake ya kuzaliwa, anaitaja haraka haraka kama anasoma shairi. Unamuuliza mwalimu wako wa Hisabati ni nani, anamtazama kocha. Wenzake waliopanga foleni nyuma yake wanaangalia viatu vyao. Hapo sihitaji tena hata fomu. Uongo ule mtoto hakuutunga, kafundishwa na mtu mzima, mara nyingi ndani ya gari wakiwa njiani kuja.

Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu nahodha nina swali. Hao wasichana 11 wanajua kwamba wewe ulijua tangu mwanzo? Na wanajua kwamba aliyekwenda mezani asubuhi ni wewe? Maana kwa ulivyoandika, uliwaambia "imegundulika" ukaacha mtoto wa kidato cha tatu abebe mzigo wako.

Mtu wa Ikungi

Mkuu, naandika kutoka Singida. Mimi nimewahi kuwa huyo mgeni.

Nilikuwa nimeshamaliza shule, nipo nyumbani na jembe, nikafuatwa nikakimbie mita 1,500 kwa jina la kijana wa shule fulani. Nilishinda. Walipomtangaza mshindi kwa kipaza sauti nilibaki nimesimama, nageuka huku na huku nione nani anaitwa, mpaka mwalimu aliyenileta akanisukuma mgongoni. Kijana mwenye jina lake alikuwa amekaa chini ya mti, nilimwona. Tulikuwa tunafahamiana. Hatujawahi kulizungumza mpaka leo na tunasali kanisa moja.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu wa hapa hapa kwetu Ikungi alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Sisi huku tulilia. Tulipokuwa tunaangalia marudio, mwanangu wa darasa la tano akaniuliza, baba, na wewe si unasemaga ulikimbia? Nikamwambia nilikimbia, na siku moja nilishinda wilaya nzima. Akasema nionyeshe cheti.

Cheti kipo ukutani kwa mtu mwingine, na yeye hakukimbia. Wote wawili hatuna kitu.

Huyo nahodha wako usimwachie ufunguo aurudishe. Mwambie kuna mzee Ikungi anasema natamani siku ile angekuwepo mtoto kama yeye.

Mama wa Karanga

Mbukwenyi. Mimi nauza karanga na ubuyu soko la Sabasaba, binti yangu anacheza mpira wa pete kwenye shule nyingine, hivyo haya mambo nayajua kwa upande wa jikoni. Mwanangu mwalimu, sikubaliani na wote moja kwa moja.

Mnawaongelea hao wasichana 11 kama vile wana roho mbaya. Hawana. Mimi binti yangu alipochaguliwa timu ya shule niliuza kuku wawili nikamnunulia raba za mtumba. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri achote maji kwanza, ili jioni asiulizwe kazi za nyumbani. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia panda gari turudi, hujamweleza kwa nini, atatafuta wa kumlaumu, na atamlaumu aliye karibu. Kuilinda timu ndivyo walivyofundishwa. Na wala si fundisho baya, shida ni kwamba hamkuwaambia timu ni nani. Yule aliyefua vizibao naye si timu?

La pili, na hili limenikera. Nimesoma mada nzima nikitafuta huyo binti mrefu aliyeletwa. Amerudi kwao na nini? Nani amekwenda kumwona? Huyo naye ni mtoto, kamaliza kidato cha nne yupo nyumbani, kaja kwa sababu mtu mzima alimwambia utaonekana, labda timu za majeshi zitakuchukua. Sasa anaitwa mamluki mtaa mzima. Nenda kwao, mwalimu. Usitume mtu.

Mwalimu wa Saa Kumi

Filimbi, hapana, hawajui. Swali lako nimelisoma nikafunga simu, nikaifungua tena usiku. Mama, nimekusikia. Nitarudi hapa.

Mwalimu wa Saa Kumi (siku sita baadaye)

Nimerudi. Nieleze kwa mpangilio ulivyokuwa.

Kwanza nilimwandikia mkuu wa shule barua ya kujieleza, nikasema nilijua tangu fomu inajazwa. Jina la mwenzangu sikuliandika, hilo atalisema mwenyewe akitaka. Maamuzi bado, na yakija nitayapokea.

Ijumaa baada ya vipindi niliwaita wote 12 bwaloni, pamoja na yule wa akiba wa kidato cha pili. Nilisimama nikaona ni vibaya, nikavuta benchi nikakaa. Nikawaambia: fomu ilijazwa mbele yangu. Aliyekwenda kwa viongozi ni mimi. Nahodha wenu hakumpelekea mtu yeyote habari, aliniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe wiki moja nyuma. Kama mnamtafuta aliyewaondoa kwenye nusu fainali, ni huyu hapa amekaa.

Kimya kirefu. Mlinzi wetu, ambaye ndiye nadhani aliyeandika lile neno mlangoni ingawa sikuuliza, akanyoosha kidole: "Kwa hiyo mwalimu, kwenye gari ulipotuambia imegundulika, ulikuwa unatudanganya?"

Nikasema ndiyo.

Akakaa. Wawili walilia. Nilimgeukia yule wa kidato cha pili nikamwomba radhi kwa jina lake mbele ya wenzake. Aliangalia meza muda mrefu, akachora chora na ukucha, akasema, "Mimi nilikuwa nataka kucheza tu." Hakusema lingine. Sidhani kama kuna sentensi nitaikumbuka kuliko hiyo katika kazi hii. Goli lina urefu wa mita 3.05, yeye ni mfupi, na tangu Januari alikuwa anabaki dakika ishirini baada ya wenzake kuondoka anarusha peke yake mpaka giza liingie. Nilikuwa namwona kila siku.

Jumamosi nilikwenda kwa yule binti mwingine. Kijiji hakiko mbali, bodaboda kama nusu saa. Mama yake alikuwa anapepeta uwele uani, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Binti alitoka ndani na raba alizoazimwa shuleni, amezifua, kamba amezifunga vizuri. Akanirudishia kwa mikono miwili. Nilimwomba radhi na yeye. Alichoniuliza ni kama anaweza kuja jioni kuwafundisha wafungaji wetu kurusha, bila kuandikwa popote. Nimelipeleka ombi kwa mkuu wa shule, nasubiri jibu. Mama wa Karanga, bila wewe nisingekwenda, nisiseme uongo tena.

Kuhusu unahodha, nilimrudishia nahodha ufunguo na daftari, nikamwambia uamuzi ni wake na sitamlazimisha. Alisema atashika mpaka likizo, halafu anataka timu ipige kura. Nimekubali.

Leo tulikuwa na mazoezi. Upepo ulikuwa mkali, vumbi tupu. Nahodha akasimama kwenye duara, nikapuliza. Mmoja kati ya wale wanne akanyoosha mkono kuomba mpira, bila kumtazama usoni. Akapewa. Watatu bado.

Kesho saa kumi tena.