Huyu mtu wa "ongeza RAM" leo kanivua nguo mbele ya watu

Wakuu nimetoka kikaoni sasa hivi hapa Dodoma mikono inatetemeka. Msiniulize nani, mnamjua, kila tatizo la kompyuta duniani yeye dawa yake ni moja, RAM, ile memori ya muda ya kompyuta.

Mfumo wa malipo unapoteza hela za watu. Nimekesha nao mpaka nimeupata ugonjwa, thredi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda pamoja ndani ya programu moja, zinasoma salio moja kwa wakati mmoja, 10,000, hii inaongeza 500 na ile inaongeza 500, kila moja inaandika 10,500 wakati ilitakiwa 11,000. Yaani ni mama ntilie wawili na daftari moja la madeni, kila mmoja anafuta alichoandika mwenzake. Kwa prosesa kusoma, kujumlisha na kuandika ni hatua tatu, na katikati hapo mwingine anaingia. Dawa ni kufuli, mutex, mmoja akiwa ndani mwingine asubiri. Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta, kayaandika haya 1965! Nimechora ubaoni mpaka mlinzi aliyekuja kuuliza nani kaegesha gari getini kaelewa. Yeye ananiangalia juu mpaka chini, anatafuna karanga zake, anasema "Kijana, ongeza RAM."

ONGEZA RAM. Na bosi anaandika kwenye daftari! Nimeona kwa macho yangu, "ongeza RAM", kapigia na mstari.

Jaza RAM mpaka ipasue dari, thredi zitagongana vilevile. Ile mashine ya mionzi Therac-25, kati ya 1985 na 1987 watu walikufa, na mgongano wa aina hii ulikuwemo kwenye programu yake. Nao wangeongeza RAM? Halafu "kijana"! Nina watoto wawili mimi!

chizi_wa_kodi: Saa saba mchana watu wana njaa wewe unachora thredi, ulitaka akujibu nini?

kizota_linux: Afadhali wako anashauri. Wa kwetu anaandika programu kwa lugha ya C, malloc (kuomba memori) kila mstari, free (kuirudisha) hajawahi kuigusa, memori inajaa mpaka Linux yenyewe, mfumo unaoendesha kompyuta, inaamua kuiua databesi. Akiulizwa anasema umeme.

mleta mada: Tusitoke kwenye mada. KASEMA ONGEZA RAM. MBELE YA BOSI.

mama_wa_Makole: Simu yangu nayo memori imejaa picha za kipaimara, niongeze RAM?

mleta mada: Hiyo ni storeji, sehemu ya kutunzia mafaili, dada yangu!! Ndo yaleyale!!

chizi_wa_kodi: 😂😂 kijana tulia

kizota_linux: Tukitaja umeme, huku umekatika tangu asubuhi, huko kwenu upo?

nzuguni_kwetu: Wewe unalia na umeme, sisi bomba linatoa upepo wiki nzima, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo

mama_wa_Makole: Miezi sita?? Wangu anataka mwaka

nzuguni_kwetu: Aisee. Kuna mwenye namba ya boza la maji?

kizota_linux: Njoo inbox mkuu