Kampuni ya "sisi ni ndugu" au inayolipa zaidi? Dereva wa semi, Mwanza, naomba ushauri

SukaniNzito (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina leseni daraja E, naendesha semi. Nimepata sehemu mbili na Jumatatu natakiwa kutoa jibu.

Ya kwanza ni ya mzee mmoja pale Nyakato mwenye semi chache. Mshahara 600,000, posho 150,000 kwa kila trip ya Dar, na trip zinafika tatu kwa mwezi. Mzee anakula sahani moja na madereva wake. Ukifiwa anakuja msibani na turubai na gari la kubeba watu, ukikwama ada ya mtoto anakukopesha bila riba. Mkataba hakuna. Anasema hapa sisi ni ndugu, makaratasi ya nini.

Ya pili wana magari mengi. Wanapeleka dagaa wa soko la Mwaloni hadi Lubumbashi, Kongo, wanarudi na shaba mpaka bandarini Dar, halafu mzigo wa kurudi Mwanza. Mshahara 350,000, kila trip 700,000, na wanasema trip ni mbili kwa mwezi. Mkataba wa maandishi upo. Ila pale unaitwa kwa namba ya gari, na madereva wanaacha kazi kila mara.

Nina mke na watoto wawili Igoma. Niende wapi?

HesabuKwanza
Mdogo wangu, weka pembeni ukarimu wa mzee na ukubwa wa kampuni, tupige hesabu.

Ya pili: 350,000 na trip mbili ni 1,750,000. Ya kwanza: 600,000 na trip tatu ni 1,050,000. Tofauti ni 700,000, yaani trip moja kamili. Kwa hiyo uamuzi wako wote umesimama juu ya hiyo trip ya pili. Je, ipo kweli?

Unatoka Mwanza, unavuka Tunduma kuingia Zambia, unavuka Kasumbalesa kuingia Kongo, unashusha Lubumbashi, unasubiri kupakiwa shaba, unapanga foleni zilezile kurudi, unashusha Dar, unasubiri mzigo wa Mwanza. Foleni ikikaza, mzunguko huo unameza mwezi mzima. Ukipata trip moja mshahara wako ni 1,050,000, sawasawa na Nyakato, tena umekula njiani siku nyingi zaidi. Waulize mambo mawili kabla ya kusaini: hiyo 700,000 ndiyo pesa ya kula na kulala, au posho ya chakula iko pembeni? Na siku za foleni mpakani zinalipwa kwa siku? Kama hazilipwi, foleni ya mpakani inatoka mfukoni mwako.

Kuna jambo madereva wengi hawaliangalii mpaka siku ya kuondoka. Baadhi ya stahiki za kisheria zinapigwa kwenye mshahara wa msingi, trip haihesabiwi. Kiinua mgongo ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa wiki ya kazi ya siku sita, 600,000 inakupa karibu 161,000 kwa kila mwaka wa kazi, 350,000 inakupa karibu 94,000. Saa za ziada za mara moja na nusu nazo zinafuata njia hiyohiyo. Kampuni inayoweka msingi mdogo na trip kubwa inajua inachofanya.

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 20% ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya 10%. Pensheni inataka michango ya miezi 180, kwa hiyo kila mwezi usiopelekwa ni hasara ya uzeeni. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba yamefika. Omba namba yako ya uanachama na uangalie michango mwenyewe NSSF. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa pesa ya WCF, hapo kuna tatizo.

FundiBreki_Igoma
Mkuu, wote wawili nenda yadi ukaangalie magari kabla hujasema ndiyo. Upendo wa tajiri unaonekana kwenye tela.

Washa gari, jaza upepo mpaka mshale ufike juu, zima injini. Achia breki ya mkono gari likiwa limewekewa kabari, kanyaga pedali ushikilie dakika moja. Kwa semi yenye tela, ukiacha kule kushuka kwa kwanza unapokanyaga, mshale usishuke zaidi ya karibu bar 0.3. Ukishuka zaidi, upepo unavuja, na mteremko wa Sekenke ukiwa na mzigo hautakusamehe. Kisha pita chini ya tela uangalie lainingi za breki za kila tairi. Tela ndilo hudhulumiwa, kichwa kinang'arishwa.

Kwenye tairi tafuta tarakimu nne za mwisho ndani ya kibox kidogo pembeni. 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umezeeka, ikipata joto na uzito inapasuka. Angalia pia kama spea zipo na zina upepo. Halafu uliza pancha analipa nani. Kama dereva analipa, utajikuta unatembelea tairi mbovu kwa sababu ya kubana pesa yako.

MamaMizani
Mwanangu, nitaongelea makato tu, maana ndiko pesa nzuri inakopotelea.

Mafuta. Kwenda na kurudi Dar ni karibu kilomita 2,300. Semi yenye mzigo kamili inakwenda karibu kilomita 2 kwa lita, tupu inafika 3. Mzigo upande mmoja na kurudi tupu ni kama lita 960. Mzigo pande zote mbili ni kama 1,150. Kampuni inayokupa lita zilezile kwa hali zote mbili imeshapanga kukukata. Kumbuka pia kwamba mzigo wa kutoka Dar unapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,100 hapa ziwani, na njiani unapita juu zaidi ya hapo. Omba kiwango cha lita kiandikwe kwa njia na kwa uzito.

Mizani. Semi ya ekseli sita mwisho ni tani 50: 8 mbele, 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, 24 kwa ekseli tatu za tela. Shaba ni nzito na inakaa eneo dogo. Ikipangwa vibaya, jumla inakuwa sawa lakini kundi moja la ekseli linazidi. Wewe hukupakia, ila wewe ndiye uliye barabarani. Mkataba useme wazi faini ya uzito ni ya nani, na kwamba una haki ya kukataa kuondoka kabla mzigo haujapangwa upya.

Upungufu wa mzigo. Sheria ya Ajira ya 2004 hairuhusu kukatwa hasara kiholela. Lazima iwe imetokea kazini kwa kosa lako, uandikiwe sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Soma ule mkataba wa Lubumbashi kipengele cha upotevu. Ukikuta "dereva atawajibika kwa hasara yoyote", usisaini mpaka kirekebishwe.

Buhongwa_Kwetu
Wakuu, tusimwangushe mzee. Gari likikatika shafti usiku katikati ya pori, wa kwanza kutafutwa ni mtu wa kupokea simu. Nenda pale Usagara semi zinapopanga foleni ya mizani, waulize madereva wa kampuni zote mbili: gari likiharibika, fundi anafika baada ya muda gani? Siku za kusubiri mnakula kwa pesa ya nani? Mshahara unatoka tarehe ngapi? Majibu ya dereva aliyechoka yana ukweli kuliko maneno ya ofisini.

Ila kaka, ule mkopo wa ada ni mzuri mpaka siku unataka kuondoka. Uandikwe kwenye daftari, sahihi mbili, kiasi cha kukatwa kila mwezi. Bila hivyo siku mkikosana deni halina idadi.

Mimi ningeenda Nyakato, kwa sharti la barua.

SukaniNzito
Asanteni sana. Nimeelewa kwamba tofauti ya pesa si kubwa kama nilivyodhani. Sasa huyo mzee nitamwombaje maandishi bila kumvunjia heshima? Na akinifukuza baadaye nifanyeje?

HesabuKwanza
Nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, kaa naye. "Shikamoo mzee. Nimekubali kufanya kazi kwako. Naomba barua ya ajira, benki wanaidai, na mama watoto akiulizwa lolote nikiwa safarini awe na cha kuonyesha." Nenda na rasimu ya ukurasa mmoja ili asipate kazi ya kuandika: majina, tarehe ya kuanza, kazi, kituo Mwanza, mshahara wa msingi, posho ya trip, siku ya malipo, likizo, notisi, lita za mafuta, nani analipa pancha na faini ya uzito. Sheria inamtaka aandike, kwa hiyo hata yeye inamlinda akikaguliwa.

Akigoma kabisa kusaini, hapo undugu wake una mpaka, na umeujua mapema.

Ukifukuzwa, lalamiko la kuachishwa isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Mwanza wana ofisi. Unajaza fomu namba 1, unampa mwajiri nakala, unabaki na ushahidi kwamba ameipokea. Tunza kila karatasi ya safari na ujumbe wa malipo kwenye simu, na picha zake ziweke kwa mkeo. Ukikosa mkataba, hizo ndizo zitakazoonyesha kwamba uliajiriwa na ulikuwa unalipwa kiasi gani.