Hadithi yangu ya kurudi London ya 1594 imekwama, wajuzi wa historia ya Uingereza nisaidieni

KibatariChaJioni:
Habari zenu wakuu. Mimi naandika hadithi ya vipande narusha kwenye grupu la WhatsApp kila Ijumaa, stelingi wangu ni binti anaitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, anafanya usafi wa usiku kwenye maofisi huko London. Siku moja katoka kazini alfajiri, ukungu umeshuka, anavuka London Bridge kwa miguu kwenda upande wa kusini, kufika ng'ambo anakuta mwaka ni 1594. Vipande vitatu vya kwanza watu walinogewa mpaka wananipigia simu usiku kuuliza inakuwaje. Balaa limeanza cha nne. Nimeandika kakaribishwa nyumbani kwa mama mmoja mwema, kapewa chai na viazi vya kuchemsha, kutupa jicho ukutani saa inasema moja na dakika kumi na saba, mara dirishani kikatokea kijimtu chenye mabawa na kijiti kinang'aa kikamkonyeza. Basi mzee mmoja wa kwenye grupu kanishukia kama mwewe, kasema hapo hakuna hata sentensi moja ya kweli na kama Uingereza imenishinda nirudi kuandika za Ngamiani (ndo kwetu).

Nimeumia ila nahisi hajakosea. Sasa naomba kujua, walikuwa wanakula nini, huyu binti mweusi tena kajitanda ushungi wangemfanyaje, uchawi wa kule niuweke vipi usifanane na katuni, na hao watu niwaongeleshe Kiswahili gani maana nikiandika kawaida wanatoka kama wauza mitumba. Kuacha siachi, nishafika mbali.

MamaLisheMstaafu:
Mdogo wangu chai futa kabisa. Samuel Pepys yule wa shajara ya London alionja chai 1660 na akaandika kwamba hajawahi kunywa kitu hicho, na yeye alikuwa ofisa wa serikali mwenye hela zake, sembuse huyo mama wa 1594. Kahawa nayo London wamefungua nyumba ya kuuzia 1652. Viazi mviringo ndo kwanza vilikuwa vinaingia, vipo kwenye bustani za watu wenye udadisi, mtu wa kawaida angekuangalia kama umemwandalia maua.

Mpe mkate mweusi mgumu, jibini, na ule mchuzi mzito wa njegere kavu na majani unaotokota chungu kimoja kutwa nzima. Na kinywaji ni pombe nyepesi ya shayiri, asubuhi mchana jioni, hata watoto wanapewa. Hapo ndo utamu wa hadithi yako ulipo maana Mwanaidi hanywi, na kwenye mchuzi kuna kipande cha nguruwe, atasemaje bila kumvunjia heshima aliyempokea? Kurasa mbili hizo bure bila uchawi.

Kingine uangalie sana ukisoma vitabu vyao vya zamani. Neno lao la nafaka, "corn", siku hizi Wamarekani wanalitumia kwa mahindi, kwa hiyo watu wanatafsiri "mashamba ya mahindi ya Uingereza mwaka 1200" wakati mahindi yametoka Amerika baada ya 1492. Kule ilikuwa ngano, shayiri na shayiri nyingine za kulishia farasi. Nimeona kosa hilo mpaka kwenye kitabu kilichochapishwa, sikisemi.

MwlKengele:
Nimecheka hiyo "dakika kumi na saba" yako. Kijana, saa nyingi za enzi hizo zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa. Dakika hazionekani. Na ukutani kwa mama wa kawaida hakuna saa, kuna kengele ya kanisa.

Ila ngoja nikupe kitu ambacho mwandishi wa Kizungu hana na wewe unacho mdomoni. Ukirudi nyuma zaidi, miaka ya 1100 au 1200, wakati watawa ndio wanagonga kengele, saa zao za sala zilihesabiwa kuanzia jua linapochomoza. Sala ya saa ya kwanza asubuhi, ya saa tatu, ya saa sita ambayo ni adhuhuri, ya saa tisa. Umeona? Ni saa zetu hizi hizi! Mwingereza wa leo akitumbukia kwenye monasteri ya mwaka 1150 akisikia "saa ya tatu" atadhani ni usiku wa manane, Mwanaidi atajua moja kwa moja kwamba jua limepanda, watu wako kazini. Hata lile neno lao la adhuhuri, "noon", limetokana na hiyo sala ya saa tisa, ikawa inasogezwa mbele kidogo kidogo mpaka ikafika katikati ya mchana (nadhani watawa walikuwa na njaa, maana siku za kufunga walikuwa hawali mpaka sala hiyo ipite).

Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule waligawa mchana mafungu kumi na mawili hata uwe mrefu vipi, sasa London mwezi Juni jua linakaa zaidi ya saa kumi na sita, Desemba kama nane hivi. Kwa hiyo "saa" moja ya Juni ni kama dakika 80 na ya Desemba ni kama 40. Mtu wa Tanga lazima achanganyikiwe, kibarua cha saa tatu wakati wa baridi kinaisha kabla hajapasha viungo moto. Kwa 1594 monasteri zilishafungwa zamani na Henry wa Nane, hilo utalitumia kama daraja lako litamtupa mbali zaidi.

Mwaka nao una mtego. Kisheria mwaka mpya wao ulianza tarehe 25 Machi mpaka mabadiliko ya 1752. Akitua Februari ya kile sisi tunakiita 1594, karani atamwandikia 1593. Na tangu 1582 nchi za Kikatoliki kama Hispania zilikuwa mbele yao siku kumi kwa sababu ya kalenda mpya ya Papa. Yani mtu alikuwa anapanda meli anavuka bahari kidogo anatua "siku kumi baadaye". Kusafiri kwenye wakati bila mashine.

DadaWaSouthwark:
Hi KibatariChaJioni, mimi ni wa Mombasa lakini naishi hapa hapa Southwark, hiyo ng'ambo ya kusini ya daraja ndio mtaani kwangu so hii story imenigusa. Kwanza daraja lenyewe, la wakati huo si hili la sasa. Lilikuwa limejengwa nyumba na maduka juu yake pande mbili, kuna mahali unapita kama kichochoro cha Old Town hata mto huuoni, na lilikuwa ndilo daraja pekee la mji wote, wengine wanavuka kwa mashua. Na lango la upande wa kusini ndipo walipokuwa wanachomeka vichwa vya watu waliohukumiwa uhaini kwenye miti mirefu. Mwanaidi akitoka kwenye ukungu asione saa, aone vichwa.

Kuhusu weusi wake, usifanye vile watu hufanya, ati akishuka tu wanamfunga minyororo. Watu weusi walikuwepo na wameandikwa. John Blanke alikuwa mpiga tarumbeta wa mfalme Henry wa Saba na wa Nane, akilipwa peni 8 kwa siku na akaandika barua kuomba aongezewe, na amechorwa akiwa juu ya farasi kwenye sherehe ya 1511. Jacques Francis, Mwafrika mpiga mbizi, alikuwa anaopoa vitu kwenye meli ya Mary Rose iliyozama 1545, kisha 1548 akatoa ushahidi mahakamani, wapinzani wakasema mtumwa hafai kuaminiwa lakini mahakama ikamsikiliza. Na hapa Southwark penyewe kulikuwa na mfumaji hariri mweusi kwa jina Reasonable Blackman, ana familia, kazi yake mwenyewe, watoto wake wawili walikufa kwa tauni ya 1592. Aki hiyo imenikalisha sana, huwa nikipita Tooley Street nawafikiria hao watoto. Usimtumie yeye mwenyewe, buni jirani yake, mtu aliyezika wakati wa tauni, ndiye amfungulie Mwanaidi mlango.

Si kwamba kila kitu kilikuwa shwari, 1596 malkia Elizabeth aliandika barua akitaka baadhi ya weusi waondolewe nchini, so una miaka miwili tu kabla hali haijachacha. Na ushungi usijali, mwanamke mzima kufunika kichwa ilikuwa ni heshima ya kawaida, suruali yake ya kazini ndiyo itakayokusanya watu. Uislamu walikuwa wanaujua kwa umbali, malkia alikuwa anaandikiana na Sultani wa Waturuki, na 1600 balozi wa Moroko alikaa London miezi, mpaka akachorwa picha.

Halafu mnashangaa mbona hakuna mtu amesema Unguja! James Lancaster alitia nanga Zanzibar kuanzia Novemba 1591 mpaka Februari 1592, na alirudi Uingereza hiyo hiyo 1594 na watu wachache sana waliobaki hai. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwenye kilabu cha pombe hapo kando ya mto amekaa baharia mgonjwa ambaye amewahi kusikia Kiswahili. Mwanaidi aseme neno moja tu kwa hasira, yule baharia ageuke.

KibatariChaJioni:
Dada nimesimama kitini kabisa. Hiyo ya baharia naichukua, nitakutaja kwenye shukrani.

KibwengoWaMwambao:
Nije kwenye uchawi, hapo ndo kwangu. Hako kajitu kenye mabawa tupa mtoni. Mtu wa kijijini Uingereza zama hizo hakuona viumbe hao kuwa warembo, alikuwa anawaogopa kama bibi yako alivyoogopa vibwengo na majini ya mbuyuni. Wanaiba mtoto wanaacha wa kwao kitandani, mtoto analia tu hanenepi. Huwataji ovyo kwa jina, unawaita "majirani wema" ili wasikasirike. Chuma wanakikimbia, ndo maana watu wanapigilia kiatu cha farasi mlangoni. Wewe mtu wa Tanga unahitaji nani akufundishe hayo?

Na walikuwa na waganga wao, kila wilaya, wa kutafuta mali iliyoibwa, kuagua, kutengua husuda. Sheria ya 1563 ilisema ukimuua mtu kwa uchawi unanyongwa. Nasema UNANYONGWA, filamu zote zinawasha kuni, kwa Uingereza mchawi ananyongwa, kuchoma ni Uskoti na bara huko. Na wa juu walikuwa naye John Dee kule Mortlake, ni safari ya mashua tu kutoka darajani, mwanahisabati kabisa, anatazamia mambo kwenye kioo cheusi cha jiwe na anaongea na malaika kupitia watu wake. Huyo ndo wa kumuuliza njia ya kurudi nyumbani.

Kusafiri kwenye wakati nako ni kwao tangu zamani. Walter Map, aliyekuwa kwenye baraza la mfalme Henry wa Pili karne ya 12, amesimulia habari za Herla, mfalme wa Wabritoni wa kale, aliyealikwa harusini kwa mfalme wa mbilikimo ndani ya mwamba. Kakaa siku tatu, kapewa mbwa mdogo wa kupakata juu ya farasi, kaambiwa asishuke mtu mpaka mbwa aruke mwenyewe. Kutoka nje kamuuliza mchungaji habari za malkia wake, mchungaji kasema lugha yako naisikia kwa shida, nchi hii sisi Wasaksoni tunaitawala miaka mia mbili sasa. Waliokurupuka kushuka wakawa vumbi. Mbwa hajaruka mpaka leo.

Sasa nani hapa aliyepita madrasa hakumbuki watu wa pango? Miaka 309, mmoja katumwa sokoni kununua chakula, fedha aliyoitoa ndo ikawaumbua. Mwanaidi ana nini kwenye mkoba?

Jobo_wa_Kahama:
Mimi nipinge kidogo, mtamfanya jamaa aandike kitabu cha historia. Msomaji wa Ijumaa usiku anataka kujua kama Mwanaidi atarudi au laa, kalenda ya Papa haimhusu. Weka vitu vitatu tu vya kweli kila kipande, vingine kausha.

Kwenye lugha, nakushauri usiwape Kiswahili cha tenzi, ukianza kuwaandikia "mato" na "yuwaja" nitawaona wako Lamu wanasubiri jahazi. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, 1969 aliwapa Kiswahili kizito cha kishairi lakini kinachoeleweka Dodoma na Lindi. Wewe wape tu watu wa 1594 sanifu safi, wasiseme poa, wasiseme dili, asiwepo mtu "aliyeshtuka kama kapigwa shoti" maana umeme hakuna. Mwanaidi yeye abaki na Kiswahili chake cha stendi. Msomaji atasikia tofauti bila wewe kumwambia.

MwlKengele:
Hapo nakuunga mkono, na ongeza salamu. Wao walikuwa na neno moja la "wewe" kwa mtoto, mtumishi na Mungu, na jingine la kumheshimu mtu. Ukilikosea kwa mkubwa ni tusi. Sisi tuna shikamoo, fanya Mwanaidi amnyime mzee mmoja shikamoo uone.

KibatariChaJioni:
Nimerudi wakuu, nimefuta kipande cha nne chote. Swali la mkoba limeninyima usingizi. Nimefikiri, ana sarafu ya peni 20 ya wakati wa malkia Elizabeth wa Pili, ina sura yake na imeandikwa ELIZABETH. Na mwaka 1594 kwenye kiti yuko Elizabeth wa Kwanza! Muuza mkate anaigeuza, jina ni lenyewe, sura siyo, umbo lina pembe saba, na mwaka umeandikwa 2015.

KibwengoWaMwambao:
Eeh sasa umeua. Na usisahau kughushi fedha ya malkia ni uhaini. Nilisema mchawi hachomwi, ila mwanamke akikutwa na kosa la uhaini huyo ndo wanamchoma moto. Kwa hiyo bora akiri uchawi kuliko kukiri ile peni 20 ni yake.

DadaWaSouthwark:
Wueh! Halafu vichwa viko pale juu langoni vinamtazama. Niongeze kwa hilo grupu tafadhali, Ijumaa ni saa ngapi?

KibatariChaJioni:
Saa tatu usiku dada, saa za kwetu, sio za watawa.